Mwongozo kamili: Jinsi ya kuijua bia unayoipenda kwa ulimi, si kwa lebo

Wengi waliojaribu kuonja bia nyumbani bila kuona chupa wameniletea jibu moja: "Zote zilikuwa sawa." Wengine wanasema walizitambua zote bila shida, lakini nikiwauliza nani alimimina, wanajibu kwamba walimimina wenyewe. Majibu yote mawili hayatusaidii, na makosa yanayoyaleta ni yale yale kila mara: bia baridi kupita kiasi, glasi zenye sabuni, na jicho lililoona chupa kabla ya ulimi kusema lolote.

Ninaamini kwamba mtu anaweza kunywa bia moja miaka kumi hapa Nairobi na asiwahi kuionja. Ameinywa ikiwa karibu kuganda, nyama choma mdomoni, mpira kwenye televisheni, marafiki mezani. Huenda anachokipenda ni ile meza. Ukitaka kujua ulimi wako unapenda nini, lazima uuulize peke yake, na kazi hiyo inahitaji utaratibu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke.

Mwongozo huu ni wa waliotimiza miaka 18, kama sheria ya Kenya inavyotaka. Mjamzito, anayetumia dawa zisizopatana na pombe, na yeyote atakayeshika usukani siku hiyo wasionje. Wanaweza kufanya kazi nyingine muhimu sana ambayo utaiona kwenye hatua ya 5.

## Vitu vya kuandaa

Kwa watu wanne:

- Bia aina tano, chupa moja moja, zote za chupa au zote za mkebe. Usichanganye.
- Glasi za maji zinazofanana kabisa, tano kwa kila mwonjaji. Zikipungua, onjeni wawili wawili.
- Maji ya kunywa yasiyo na harufu, na mkate mweupe usiopakwa kitu.
- Karatasi na kalamu kwa kila mtu.
- Utepe wa karatasi wa kubandika chini ya glasi, au kalamu inayoandika kwenye glasi.
- Kipimajoto cha jikoni, kama unacho.
- Mtu mmoja asiyeonja.

Sabuni yenye manukato, taulo la jikoni, karanga za chumvi na nyama viwekwe mbali. Nyama mtakula baadaye, na mtaila kwa furaha zaidi.

## Hatua ya 1: Chagua bia za ukoo mmoja

Kosa la kwanza ni kuweka Tusker na Guinness kwenye jaribio moja. Hata aliyefumba macho atazitofautisha, kwa hiyo hutakuwa umejifunza kitu. Guinness ni stauti. Weusi wake na ule ukali wa kahawa hutokana na shayiri iliyokaangwa. Tusker ni laga, iliyochachushwa na hamira inayofanya kazi kwenye ubaridi, polepole, na ndiyo maana ladha yake ni safi na nyepesi.

Kwa mara ya kwanza chagua laga tano za rangi ya dhahabu. Pendekezo langu ni Tusker Lager, White Cap, Pilsner, Tusker Malt, na moja isiyotoka kwenye kiwanda kinachotengeneza hizo nne, kwa mfano Summit ya kiwanda cha Keroche kule Naivasha, ukiipata, au Heineken. Hakikisha bia unayoiita yako imo. Hiyo ndiyo inayofanyiwa mtihani.

Soma lebo uandike kiwango cha kilevi. Tusker Lager na White Cap zote zina asilimia 4.2, kwa hiyo tofauti utakayoisikia kati yake haitokani na nguvu ya pombe. Heineken ina asilimia 5. Pengo likiwa kubwa, kilevi chenyewe hutoa joto kidogo kooni na utamu fulani, na mtu hudhani anaonja ufundi wa bia kumbe anaonja pombe.

Umefaulu kama: ukizimimina zote, mtu aliyesimama mlangoni hawezi kusema ipi ni ipi kwa rangi.

## Hatua ya 2: Nunua bia ambayo bado ni mbichi

Bia haikomai ikikaa dukani. Inazeeka. Hewa kidogo iliyobaki chini ya kizibo huila ladha polepole, na joto huharakisha kazi hiyo. Bia iliyozeeka hunukia boksi la karatasi lililoloa maji. Kuna watu wanaichukia bia fulani kwa sababu tu duka la mtaani kwao huiuza ikiwa imechoka.

Nunua kwenye duka lenye wateja wengi, ambalo kreti haikai wiki mbili. Tazama tarehe iliyopigwa kwenye kila chupa, na ujitahidi zote tano ziwe zimepishana kwa muda mfupi.

Usichukue chupa iliyopangwa dirishani juani. Mwanga hushambulia kemikali za hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kuzaa harufu kali ambayo Wazungu huifananisha na ya mnyama wao anayenuka. Sisi tunaye kicheche, na harufu ni ya ukoo huo. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo tu, nayo isiyo na rangi karibu haizuii kitu.

Kama huamini, fanya jaribio dogo. Mimina laga kwenye glasi mbili. Moja iache kabatini, nyingine iweke kwenye baraza juani saa sita mchana kwa dakika kumi na tano. Zirudishe mezani uzinuse. Nilipowaonyesha majirani jambo hili, mama mmoja aliirudisha glasi mezani bila kuionja akasema, "Hii ndiyo harufu niliyokuwa nikidhani ni ya Heineken." Miaka yote alikuwa akinusa jua.

Tahadhari: ukifika nyumbani, chupa zisimame wima mahali penye giza. Usizilaze kwenye buti la gari mchana kutwa.

## Hatua ya 3: Osha glasi kama unayeoshea mtoto chupa ya maziwa

Hapa ndipo jaribio langu la kwanza lilipoharibika. Nilikuwa nimeosha glasi kwa sabuni ya limau, nikazipangusa kwa taulo safi kabisa, na bia ya kwanza ikatoka bila povu. Ya pili hivyo hivyo. Wote tukaandika kwamba bia zinanukia limau. Ilinibidi ninunue nyingine na kuanza upya wiki iliyofuata.

Povu hushikiliwa na protini za shayiri pamoja na uchungu wa hopi. Mafuta na mabaki ya sabuni huvunja ule utando. Povu likifa, harufu nayo hutoroka mapema, maana povu ndilo linaloibeba hadi puani. Rangi ya mdomo na mafuta ya sambusa hufanya uharibifu ule ule.

Osha kwa sabuni kidogo isiyo na manukato na maji ya moto. Suuza mara tatu. Maji ya bomba ya Nairobi wakati mwingine hunukia klorini, kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Ziinamishe juu ya wavu zikauke zenyewe. Taulo lisizikaribie.

Umefaulu kama: ukilowesha glasi, maji yanatanda ndani yake kama kitambaa kimoja. Yakijikusanya matonematone, kuna mafuta. Na ukishamimina, viputo vya gesi vikigandamana kwenye ukuta wa glasi, rudi kwenye sinki.

## Hatua ya 4: Joto, mahali ambapo wengi hupotea

"Baridi ama moto?" Hakuna swali linaloulizwa zaidi kwenye baa za Nairobi. Na moto hapa haimaanishi moto, maana yake ni chupa ambayo haikuingia friji. Wazee wengi huitaka hivyo, na vijana huwacheka. Kwa suala la kuonja, wazee wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa.

Ubaridi mkali hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huutia ulimi ganzi, na huifunga harufu ndani ya bia isiruke hadi puani. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Kwa hiyo laga tano zilizotoka kwenye friza zitakuwa maji matano yenye gesi na uchungu kidogo. Lile jibu la "zote zilikuwa sawa" limetoka hapo.

Lakini ukizionja moto kabisa, gesi hukimbia haraka, utamu unajitokeza na bia nyepesi inakuwa nzito na chovu. Kwa kuonja laga, lenga nyuzijoto 7 hadi 9. Ni joto zaidi kuliko friji, baridi zaidi kuliko meza.

Weka chupa zote kwenye rafu moja ya friji usiku mzima, maana mlango wa friji una joto kuliko rafu ya nyuma. Asubuhi zitoe zote kwa pamoja na uziache mezani kama robo saa. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na kibaridi chake, ongeza dakika kumi. Ukiwa na kipimajoto, mimina kidogo ya moja upime. Kama huna, shika glasi kwa kiganja. Iwe inapoza mkono lakini haiumizi.

Tahadhari: usijaribu kuharakisha kwa friza. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, chupa hupasuka, na vipande vya kioo ndani ya friza ni hatari kwa yeyote atakayefungua baadaye.

Kabla ya kuendelea, ningependa ufanye hivi angalau mara moja maishani: chukua chupa mbili za bia yako, moja ya friji na moja ya mezani, onja moja baada ya nyingine. Watu wengi hukataa kwamba ni bia moja.

## Hatua ya 5: Mpe kazi mtu asiyeonja

Anayemimina asionje, na anayeonja asimwone akimimina. Hapo hakuna kujadiliana. Mkono unaomimina unajua, na mwenye mkono huo hata akinyamaza, uso wake utasema.

Kwangu kazi hii huifanya shemeji, ambaye hajawahi kuonja pombe na hajali nani atashinda. Hufungia mlango wa jikoni. Ndani, huzipa bia namba za ovyo zenye tarakimu tatu: 417, 286, 953, 638, 172. Usitumie 1, 2, 3 wala A, B, C. Mtu akiona 1 au A, akili yake tayari imeipa heshima ya kuwa ya kwanza. Maabara za kupima ladha hutumia tarakimu tatu kwa sababu hiyo hiyo. Orodha ya namba na majina anaiandika kwenye karatasi, anaikunja na kuitia mfukoni.

Amimine polepole kwenye ukuta wa glasi iliyoinama, kisha aisimamishe mwishoni ili povu lipande kiasi cha vidole viwili. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Mombasa, na bia hutoa povu kwa haraka zaidi. Akimimina kwa pupa, glasi itajaa povu tupu.

Kila glasi ipate kama mililita 60, yaani vijiko vinne vya chakula. Piga hesabu: glasi tano ni mililita 300, chini ya chupa moja ya 500. Inatosha kabisa. Zaidi ya hapo ulimi unachoka na kichwa kinaanza kutoa hukumu badala yake.

Na kila mwonjaji aanze na glasi tofauti. Glasi ya kwanza siku zote huonekana tamu kwa sababu umekuja na kiu, na inayofuata baada ya bia chungu huonekana laini kuliko ilivyo. Wote wakianza na 417, basi 417 itashinda hata kama ni maji ya sukari.

Umefaulu kama: mmekaa mezani na hakuna hata mmoja anayeweza kuapa iko wapi bia yake.

## Hatua ya 6: Onja

Saa tano asubuhi ya Jumamosi ni wakati mzuri. Ulimi haujachoka na bado hujala chakula cha mchana. Kahawa, sigara, dawa ya meno na chingamu ziwe zimeachwa saa moja kabla. Manukato ya mwilini pia, kwa sababu glasi iko karibu na kifundo cha mkono.

Nusa kwanza. Zungusha glasi taratibu, vuta pumzi fupi mbili, andika neno moja kabla ya kunywa. Harufu ya mwanzo huondoka upesi na hairudi vile ilivyokuwa.

Kisha kunywa funda dogo, lizungushe mdomoni, umeze. Waonjaji wa mvinyo hutema. Sisi wa bia tunameza, kwa sababu uchungu wa hopi tunausikia vizuri zaidi baada ya kumeza. Subiri kwa kuhesabu hadi kumi. Kinachobaki kooni baada ya kumi ndicho kitakachoamua kama utaitaka chupa ya pili.

Andika. Maji, kipande cha mkate, glasi inayofuata.

Tahadhari: kimya. Mtu mmoja akisema "hii ni White Cap, naijua," meza nzima itaonja White Cap. Nimeona watu wanne wakikubaliana na aliyekosea kwa sababu tu alisema kwa sauti kubwa.

## Hatua ya 7: Ipe ladha jina lake

Hapa wasomaji huniambia hawana maneno. Wanaandika "nzuri", "mbaya", "kali", kisha karatasi haisemi chochote. Maneno unayo. Yako jikoni kwenu, hujazoea tu kuyaleta kwenye bia.

Anza na kimea, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa. Kikiwa chepesi kinanukia mkate mweupe. Kikizidi kidogo kinakuwa ganda la mkate uliookwa, kisha asali, kisha ukoko. Bia iliyotengenezwa kwa kimea kitupu, kama Tusker Malt, hujaza mdomo kuliko laga ya kawaida ambayo sehemu ya nguvu yake imetoka kwenye sukari. Sukari huchacha yote ikageuka kilevi na kuiacha bia kavu na nyepesi. Wengine wanapenda wepesi huo, hasa wakiwa na kiu. Andika "imejaa" au "nyepesi" bila kuona haya, hakuna iliyo bora kwa asili.

Hopi huleta uchungu na harufu za majani. Kuna uchungu unaokatika mara moja, kama wa ganda la limau, na kuna unaong'ang'ania kama wa majani ya mnavu. Andika ni upi.

Mahindi ya kuchemsha, au mvuke wa sufuria ya githeri ukifunua kifuniko: harufu hii hutoka kwenye kimea cheupe. Kidogo tu ni kawaida kwa laga, ikizidi ni kasoro. Siagi, ule utelezi na harufu yake, maana yake mara nyingi hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Tufaha bichi nalo husimulia bia iliyoharakishwa. Boksi lililoloa ni uzee, kicheche ni jua. Ladha ya sarafu mdomoni ni chuma kilichoingia mahali fulani, ingawa kabla ya kulaumu bia, onja maji yako.

Gesi nayo ina tabia. Kuna inayochoma ulimi kama soda na kuna laini. Itaje.

Mzee mmoja jirani yetu, mnywaji wa White Cap moto tangu ujana wake, aliandika chini ya glasi moja: "Kama kuingia kwa shangazi akioka mkate." Sikuwahi kusoma maelezo mazuri ya kimea kuliko hayo. Ile haikuwa White Cap. Alipoambiwa ilikuwa Tusker Malt alikaa kimya muda mrefu, akaomba kalamu tena, akaongeza: "Lakini hii siwezi kunywa mbili." Huyo ameujua ulimi wake: anapenda harufu ya ile iliyojaa, lakini jioni nzima anaitaka ile nyepesi. Hayo ni majibu mawili tofauti, na ndiyo maana kwenye karatasi kila glasi ipewe alama mara mbili. Ya kwanza: je, naipenda? Ya pili: je, ningeagiza nyingine?

## Hatua ya 8: Fichueni, lakini kwa utaratibu

Kabla ya karatasi kutoka mfukoni, kila mtu apange glasi zake kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na aandike anadhani bia yake ya siku zote ni ipi. Kwa kalamu. Baada ya hapo asibadilishe.

Mwite mtu wa jikoni asome. Kuna matokeo ya aina tatu. Umeitambua bia yako na umeiweka juu: mapenzi yako yana msingi. Umeitambua lakini umeiweka chini: unaipenda kwa sababu nyingine, ya kumbukumbu au ya watu, na sababu hizo nazo ni za kweli. Hukuitambua: usikasirike, na usiseme chupa ilikuwa mbovu. Nenda hatua ya 9.

## Hatua ya 9: Jaribio la glasi tatu

Hili ni la wabishi, lifanyike siku nyingine kwa chupa mpya, maana iliyofunguliwa jana imeshapoteza gesi.

Chukua bia mbili unazoapa unazitofautisha, tuseme Tusker na White Cap. Mtu wa jikoni ajaze glasi tatu, mbili za bia moja na moja ya bia nyingine, kwa mpangilio anaoujua yeye. Kila glasi mililita 30. Kazi yako ni moja tu: taja iliyo peke yake. Huulizwi jina lake.

Fanya hivyo mara tatu, kila mara mpangilio ukibadilika. Kubahatisha mara moja ni nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo aliyepata mara moja hajathibitisha kitu. Kupata zote tatu kwa bahati ni nafasi moja kati ya 27. Ukizipata zote, una haki ya kusema unazitofautisha. Ukipata mbili, rudia wiki ijayo. Hata hapa pombe ni kidogo: glasi tisa za mililita 30 ni mililita 270.

Tahadhari: joto la chupa mbili likipishana hata kidogo, utakuwa unatambua joto. Zitoke rafu moja, dakika moja.

## Hatua ya 10: Vuka mipaka ya laga

Ukishajua unasimama wapi kwenye laga, ndipo uende kwa Guinness, na kwa viwanda vidogo vya hapa kama Bateleur na 254 Brewing.

Stauti usiionje baridi ya friji. Iache ifike nyuzijoto 10 hadi 12, na kahawa iliyokaangwa na chokoleti chungu vitatokea vyenyewe. Kumbuka nguvu yake: Guinness ya chupa hapa Kenya ina asilimia 6.5. Chupa mbili za mililita 500 zina mililita 65 za kilevi kitupu, wakati chupa tatu za Tusker zina 63. Anayehesabu chupa badala ya kilevi anajidanganya.

Bia ya ngano ya mtindo wa Kijerumani hunukia ndizi mbivu na karafuu. Hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa humo, ni hamira yenyewe inayozalisha harufu hizo. IPA, kifupi cha India Pale Ale, ni ya hopi nyingi, chungu, yenye harufu ya matunda kama machungwa au embe, kwa hiyo iwe ya mwisho siku zote. Ukianza nayo, zote zitakazofuata zitakuwa maji.

Panga kutoka nyepesi kwenda nzito. Aina tatu za bia kwa siku zinatosha.

## Hatua ya 11: Peleka ulichojifunza baa

Siku utakayotoka, acha gari nyumbani au panga usafiri kabla ya kuagiza ya kwanza.

Mhudumu akiuliza baridi ama moto, mwombe moja ya baridi na glasi safi kavu, isiyotoka kwenye barafu. Akileta, itazame chupa tarehe kabla hajafungua, na afungue ukiwa unaona. Mimina nusu, iache dakika tano, uionje tena. Kama ile iliyokuwa ya kwanza kwenye karatasi yako bado inakupa maneno yale yale uliyoandika Jumamosi saa tano, umeipata. Ikikupa mengine, nusa glasi kwanza kabla ya kuishuku bia, kisha uombe glasi nyingine.

Karatasi yako itunze. Rudia jaribio la glasi tano baada ya miezi sita, kwa bia zile zile na namba mpya. Yule mzee jirani yetu amerudia mara tatu. Glasi ya mkate wa shangazi bado anaiweka ya kwanza, na jioni bado anaagiza White Cap moto.